Siku Moja kwa Basi katika Milima ya Uskoti

Kila siku asubuhi, kabla ya saa mbili, mabasi ya watalii hujipanga katikati ya Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, si mbali na ile ngome mashuhuri iliyojengwa juu ya jabali la volkano iliyozimika zamani sana. Abiria huja na makoti ya mvua hata kama jua linawaka, kwani katika nchi ile mwenye busara hadanganyiki na jua la asubuhi. Safari ni ya saa kumi na mbili, na mwendo wake ni zaidi ya maili mia tatu: kwenda kaskazini kwa njia ya magharibi mpaka kwenye ziwa la Loch Ness, kisha kurudi kwa njia nyingine. Dereva ndiye msimulizi pia. Kipaza sauti kidogo kimefungwa karibu na kinywa chake, na huku mikono iko kwenye usukani yeye hueleza habari za wafalme, vita na mizimu tangu asubuhi mpaka jioni. Wengi wao ni wasimulizi hodari kweli kweli, ingawa si kila neno wanenalo lafaa kuandikwa katika kitabu cha historia.

Jina la nchi hii si geni katika Kenya. Wamisheni kutoka Uskoti ndio walioanzisha misheni ya Kikuyu, na mahali pale paitwa Thogoto mpaka leo, yaani neno "Scot" katika matamshi ya wenyeji. Ng'ombe wa Ayrshire, ambao wafugaji wa Kenya wawajua sana kwa maziwa yao, asili yao ni wilaya ya Ayr, kusini-magharibi ya Uskoti, penye mvua nyingi na majani mazuri. Kwa hiyo mkulima wa Nyeri au karani wa Nakuru akipanda basi hili hawi mgeni kabisa. Lakini kabla ya saa sita ya mchana ataona jambo moja litakalomshangaza kuliko milima na maziwa, nalo ni kwamba nchi nzuri aliyoletwa kuitazama haina watu.

Saa ya kwanza haionyeshi hivyo hata kidogo. Basi lapita katika nchi ya tambarare yenye mashamba ya shayiri, ngano na viazi, miji ya viwanda, na barabara pana zilizojaa malori. Karibu na Falkirk abiria wote hugeuza shingo kutazama vichwa viwili vya farasi vya chuma, kila kimoja kirefu kama futi mia moja, vimesimama kando ya mfereji. Ni kazi ya mchongaji Andy Scott, navyo vilifunguliwa kwa watu mwaka 2014 kuwakumbuka farasi wakubwa waliokokota mashua katika mifereji na kuvuta plau mashambani kabla ya injini kuja. Mbele kidogo yaonekana ngome ya Stirling juu ya mwamba wake. Aliyeishika Stirling aliushika mlango wa kaskazini, na ndiyo sababu vita viwili vinavyotajwa sana na Waskoti vilipiganwa karibu na hapo: cha mwaka 1297 penye daraja la mto Forth, William Wallace alipowashinda Waingereza, na cha Bannockburn mwaka 1314, mfalme Robert Bruce alipowashinda tena. Dereva huvieleza vita hivyo kana kwamba vilikwisha juma lililopita.

Baada ya mji mdogo wa Callander nchi yabadilika ghafula. Hapa wataalamu wa mawe waonyesha ufa mkubwa wa ardhi unaokata Uskoti kutoka bahari hata bahari. Kusini yake ni nchi ya chini, na kaskazini yake ndiyo Nyanda za Juu. Ardhi nyekundu ya kilimo yaisha. Milima yasogea mpaka ukingoni mwa barabara. Mito yapiga kelele juu ya mawe. Penye kijiji cha Kilmahog mabasi mengi husimama ili abiria wanywe chai na kutazama ng'ombe wa milimani. Ng'ombe hawa wana manyoya marefu ya rangi ya kutu yanayofunika hata macho, na pembe pana za kutisha, lakini ni wapole. Manyoya yao ni ya tabaka mbili, moja la kuzuia mvua na moja la kutunza joto, nao hukaa nje wakati wa theluji bila zizi. Watalii huwapiga picha. Mfugaji angetazama zaidi jinsi wanavyonenepa kwa majani makavu ambayo ng'ombe wa gredi angeyakataa.

Kutoka hapo barabara yafuata kingo za maziwa membamba na kupanda katika mabonde. Mara nyingi milima yake imefunikwa misitu ya miti iliyopandwa kwa mistari, miti ya mbao iliyoletwa kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Serikali ilianza kupanda misitu kwa bidii tangu mwaka 1919, kwa sababu Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imeila miti ya nchi. Pasipo na miti pana majani, na katika majani pana kondoo, na zaidi ya kondoo hapana kitu. Lakini jicho la mkulima lina kazi yake. Hapa na pale, chini ya mlima, laona kuta fupi za mawe zisizo na paa, tano au sita pamoja, na kando yake mistari iliyoinuka chini ya majani. Mistari hiyo ni matuta. Watu walilima hapo kwa jembe, wakapanda oti na viazi, wakaacha.

Wilaya ya Highland peke yake ni kubwa kuliko Wales yote, karibu maili za mraba 10,000, na wakaaji wake hawafiki laki mbili na nusu. Kaunti ya Nyeri, yenye maili za mraba kama 1,300, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya laki saba na nusu mwaka 2019. Ni kweli kwamba udongo wa milima ya Uskoti ni mwembamba, na majira ya baridi ni marefu. Hata hivyo kuta zile hazikujengwa na kondoo.

Saa nne na nusu hivi basi lafika Rannoch Moor, uwanda wenye maji na matope upatao maili za mraba hamsini, usio na nyumba wala ua. Ardhi yake ni majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka mpaka yakawa udongo mweusi kama masizi. Watu wa milimani hukata udongo wa namna hii vipande vipande kama matofali, wakaukausha, wakauchoma badala ya kuni. Ndani yake hutokea visiki vya misonobari ya kale vilivyohifadhiwa na matope, ushahidi kwamba hapo palikuwa na msitu. Wahandisi walipotaka kupitisha reli upande wa mashariki wa uwanda huu, iliyofunguliwa mwaka 1894, kifusi chao kilizama. Mwishowe walitandika matita ya matawi na mizizi, wakamwaga udongo na majivu juu yake, na mpaka leo gari moshi lapita juu ya mkeka huo kana kwamba laelea.

Kisha barabara yashuka katika bonde la Glencoe. Hapa kelele za abiria hunyamaza zenyewe. Milima mitatu mikubwa, iitwayo Madada Watatu, yasimama upande wa kushoto kama kuta za nyumba iliyoungua, maji yakichuruzika katika kila ufa. Ukungu waingia na kutoka. Basi husimama ili watu washuke, na upepo huwapokea kwa nguvu. Wakati wa kiangazi, upepo ukitulia, hupokewa na visubi, wadudu wadogo wasioonekana vizuri wala wasiovumilika, ingawa angalau hawaleti malaria.

Kisa cha Glencoe chajulikana na kila mtoto wa Uskoti. Mwaka 1691 mfalme William wa Tatu alitangaza kwamba wakuu wote wa koo za milimani waliompinga watasamehewa, mradi wale kiapo cha kumtii kabla ya tarehe 1 Januari 1692. MacIain, mkuu wa akina MacDonald wa Glencoe, alikawia mpaka siku za mwisho. Alipofika Fort William, kamanda wa ngome alimwambia kwamba yeye hana mamlaka ya kupokea kiapo, aende Inveraray kwa hakimu. Mzee yule akaenda katika theluji, akala kiapo tarehe 6 Januari, akarudi nyumbani akidhani mambo yamekwisha. Kumbe wakubwa wa serikali walifurahi kwamba amechelewa, kwa maana walitaka ukoo mmoja wa kufanyia mfano.

Siku ya kwanza ya Februari askari wapatao 120, chini ya kapteni Robert Campbell wa Glenlyon, waliingia bondeni wakaomba malazi. Kapteni huyo hakuwa mtu baki: mpwa wake alikuwa ameolewa na mtoto wa MacIain. Watu wa Glencoe waliwagawanya askari katika nyumba zao, wakawapa chakula na mahali pa moto. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa karibu siku kumi na mbili, wala hawakupewa jembe. Tarehe 13 Februari, saa kumi na moja ya alfajiri, wakaamka kwa amri waliyoletewa usiku, wakaanza kuwaua wenyeji wao. MacIain aliuawa akiinuka kitandani. Hesabu inayotajwa ni watu 38. Wengine, wanawake na watoto miongoni mwao, walikufa kwa baridi wakikimbilia milimani, na nyumba nyuma yao zikiwaka moto.

Katika sheria za Uskoti za siku zile, kumwua mtu aliyekuamini kulihesabiwa kuwa kosa baya kuliko kuua kwa kawaida. Uchunguzi wa mwaka 1695 ulisema waziwazi kwamba yale yalikuwa mauaji, na lawama nyingi zikamwangukia waziri wa mfalme, John Dalrymple, aliyepoteza cheo chake. Lakini hapana mtu aliyepelekwa mbele ya hakimu. Kila tarehe 13 Februari watu wa ukoo wa MacDonald bado huweka shada la maua penye mnara wa kumbukumbu kijijini. Na kwenye hoteli moja ya bonde hilo kimetundikwa kibao kisemacho kwamba wachuuzi na akina Campbell hawatakiwi. Kibao hicho ni mzaha, ila ni mzaha wa miaka zaidi ya mia tatu.

Karibu na kijiji pana nyumba moja ya kufurahisha sana kwa mtu wa Afrika ya Mashariki. Wataalamu walichimba mahali palipokuwa kitongoji cha watu wa Glencoe, wakaisoma misingi, kisha wakajenga upya nyumba kama zile za karne ya 17. Ndani ni fito zilizosukwa kama kikapu. Nje yake ni vipande vya udongo wenye majani vilivyopangwa kama matofali. Juu ni paa la vichaka vya milimani. Moto uko katikati ya sakafu, na moshi hujitafutia njia. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya fito na udongo huingia mle bila kuongozwa.

Fort William ni mji wa chakula cha mchana. Juu yake umesimama mlima Ben Nevis, mrefu kuliko yote katika Uingereza, Uskoti na Wales: futi 4,413, yaani kama robo tu ya Mlima Kenya. Msomaji asiudharau, kilele chake kina ukungu siku nyingi za mwaka, na watu hupotea huko na kufa. Katika hoteli abiria wenye moyo huagiza haggis, chakula cha taifa: moyo, maini na mapafu ya kondoo, yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na unga wa oti, vitunguu na pilipili manga, yakachemshwa katika tumbo la kondoo. Wazungu wa nchi nyingine hukionja kwa hofu. Aliyezoea mutura hamaliza sahani akaomba nyingine.

Kaskazini ya hapo, juu ya kilima karibu na Spean Bridge, sanamu ya askari watatu wa shaba yatazama milima. Imesimama tangu mwaka 1952 kwa ajili ya wanajeshi wa makomando, ambao tangu 1942 walifundishwa kazi katika mabonde yale kabla ya kupelekwa vitani. Basi halikai sana hapo. Lafuata bonde kubwa lililonyooka, lenye maziwa yaliyofuatana kama shanga, mpaka Loch Oich. Na kando ya maji ya ziwa hilo lapita mnara mdogo wa mawe wenye vichwa saba vya watu vilivyochongwa. Ulijengwa mwaka 1812 na Alasdair Ranaldson MacDonell wa Glengarry, kukumbuka kisasi cha kale katika ukoo wake. Kwa kumfuata bwana huyu jibu la kuta zile zisizo na paa laweza kupatikana.

Katika desturi ya zamani mkuu wa ukoo hakuhesabiwa kuwa na ardhi kama mtu alivyo na kofia. Aliishika kwa ajili ya watu wake, na watu wake walimfuata vitani, wakamlipa kodi ndogo ya mifugo na nafaka. Haki hiyo ya jadi Wagaeli huiita dùthchas. Haikuandikwa popote. Katika hati za serikali jina lililokuwako lilikuwa la mkuu peke yake. Basi mwaka 1746 jeshi la koo lililomfuata mwana wa mfalme Charles Edward Stuart lilivunjwa katika vita vya Culloden, na serikali ikawanyang'anya wakuu uwezo wa kuhukumu na kukusanya askari. Hata mavazi ya kitambaa cha miraba yalikatazwa kwa wanaume mpaka mwaka 1782. Tangu hapo mkuu hakuhitaji wanaume wa vita. Alihitaji fedha, maana watoto wake sasa walisoma Edinburgh na London, nao walitaka kuishi kama mabwana wa huko. Wafugaji wa kusini wakaja na kondoo wakubwa wa Cheviot na wale wenye uso mweusi, wakaahidi kodi kubwa kuliko ile iliyoweza kulipwa na wakulima ishirini wenye ng'ombe wachache. Kwa mchungaji mmoja na mbwa wake, bonde zima likatosha.

MacDonell wa Glengarry aliona fahari kubwa katika mambo ya kale. Alianzisha chama cha Wanamilima wa kweli, akatembea siku zote na vazi la miraba, bunduki na panga, na picha yake iliyochorwa na Henry Raeburn yatundikwa mpaka leo katika jumba la picha la taifa Edinburgh. Mwaka 1822, mfalme George wa Nne alipozuru mji huo na wakubwa wote wakavaa miraba kumpendeza, naye alikuwamo. Wakati huohuo wapangaji wa ukoo wake walikuwa wakitolewa na kodi zikipandishwa. Wengi walikuwa wamekwisha vuka bahari tangu wakati wa baba yake, wakafanya makao katika Kanada, na wilaya yao huko Ontario yaitwa Glengarry. Bwana mwenyewe alikufa mwaka 1828 akiacha madeni makubwa, na nchi ya mababu ikauzwa kipande baada ya kipande.

Kipande cha mwisho kilikuwa Knoydart, rasi iliyo magharibi ya hapo. Ugonjwa wa viazi uliingia milimani mwaka 1846, na watu waliokuwa wamesukumwa kwenye mashamba madogo ya pwani, wakitegemea viazi karibu peke yake, wakaona njaa miaka kadhaa. Mwaka 1853 mjane wa mkuu wa ukoo aliwapakia wapangaji wake zaidi ya mia tatu katika meli iitwayo Sillery kwenda Kanada. Familia chache zilikataa kupanda. Nyumba zao zikabomolewa, nao wakalala chini ya kuta na mashuka, majira ya baridi yakiingia.

Hayo yalitendeka kwa namna mbalimbali katika sehemu nyingi za milima kwa muda wa miaka mia moja hivi. Si kila kabaila aliyechoma nyumba. Wako waliojiangamiza kwa kununua nafaka ya kuwalisha wapangaji wakati wa njaa. Wala si kila mtu aliyeondoka aliondoka kwa fimbo. Lakini hapakuwa na sheria ya kumlinda aliyetaka kubaki. Sheria hiyo ilikuja mwaka 1886, baada ya wakulima wadogo wa kisiwa cha Skye kukataa kulipa kodi na kupigana na polisi, na tume ya serikali kuzunguka ikiwasikiliza mbele ya watu wote. Ikawapa haki nne zilizo wazi: kutofukuzwa maadamu wanalipa, kodi iliyopimwa kwa haki, kurithisha shamba, na kulipwa thamani ya kazi waliyoifanya katika ardhi kama wakiondoka. Haikuwarudishia mabonde yaliyokwisha kuwa ya kondoo, na baadaye ya paa wa kuwindwa na matajiri.

Mpaka leo yakadiriwa kwamba watu wasiofika mia tano wana nusu ya ardhi ya mashambani iliyo mikononi mwa watu binafsi katika Uskoti. Hata hivyo mambo yameanza kugeuka. Mwaka 1997 wakaaji wa kisiwa cha Eigg walichanga fedha na kuomba michango, wakakinunua kisiwa chao. Mwaka 1999 sehemu kubwa ya Knoydart hiyohiyo ikanunuliwa na chama cha wenyeji. Na tangu mwaka 2003 sheria ya Bunge la Uskoti imezipa jumuiya za mashambani haki ya kwanza ya kununua ardhi wanayoishi inapouzwa. Kununua kwa fedha kile ambacho babu alikihesabu kuwa chake ni jambo la kusumbua fikira, na Waskoti wenyewe hawakubaliani juu yake. Lakini Knoydart sasa ina nyumba mpya, shule, na umeme wa maji unaomilikiwa na wakaaji wake.

Madereva wengine huyaeleza haya yote. Wengine, wakijua kwamba abiria wamelipa ili wafurahi, hupita haraka na kuanza habari za dude la Loch Ness.

Basi na dude lina haki yake. Penye kijiji cha Fort Augustus, ambapo mashua hushuka kutoka mfereji wa Caledonia mpaka ziwani kwa ngazi ya malango matano ya maji, watu wote hukimbilia ukingoni na kukodoa macho. Ziwa lina urefu wa maili 23 na kina cha futi zaidi ya 700, na maji yake, meusi kwa ule udongo wa milimani, yazidi maji ya maziwa yote ya Uingereza na Wales yakikusanywa pamoja. Habari za mnyama mkubwa zilienea mwaka 1933, baada ya barabara mpya kujengwa kando ya ziwa. Picha mashuhuri ya mwaka 1934, yenye shingo ndefu juu ya maji, ilijulikana miaka sitini baadaye kuwa ilifanywa kwa kidude cha kuchezea. Mwaka 2018 wataalamu walichota maji sehemu nyingi za ziwa wakatafuta ndani yake chembe za uzazi za viumbe vyote. Hawakuona alama ya mjusi yeyote mkubwa, ila mikunga mingi mno. Hayo hayakupunguza hata mkia mmoja wa vidude vya kijani vinavyouzwa madukani.

Mfereji wenyewe wastahili kutazamwa kuliko dude. Mhandisi Thomas Telford aliuanza mwaka 1803, ukafunguliwa 1822. Ni maili 60 kutoka bahari hata bahari, na kati ya hizo 22 zilichimbwa kwa mikono. Serikali iliukubali kwa sababu ya manowari na biashara, na pia ili wanaume wa milimani wapate mshahara wasihamie Amerika. Walipata mshahara. Wengi wakahama baadaye.

Safari ya kurudi hupita upande wa Laggan, na abiria nusu wamelala. Wakosa kuona boma la kuzuia maji lililojengwa mwaka 1934, ambalo maji yake hupelekwa kwa njia ya chini ya ardhi ya maili 15, kupitia chini ya Ben Nevis, mpaka kiwanda cha alumini cha Fort William. Huamshwa Pitlochry kunywa chai. Hapo pana bwawa jingine la umeme, na kando yake wahandisi walijenga ngazi ya samaki: visima 34 vilivyopandiana, ili samoni wanaotoka baharini wapande mto kwenda kutaga mayai kule walikozaliwa. Zaidi kusini barabara yapita kando ya ziwa la Loch Leven, lenye kisiwa ambacho malkia Mary wa Uskoti alifungwa mwaka 1567 akatoroka mwaka uliofuata. Na katika ziwa hilo ndimo walimotoka trauti wa kwanza waliopelekwa Kenya mwaka 1905, ambao wazao wao wangali katika mito ya baridi ya Aberdare.

Mwishowe mto Forth, na madaraja matatu sambamba: la reli, jekundu, la mwaka 1890, ambalo ujenzi wake uliua wafanyakazi zaidi ya hamsini, la barabara, la mwaka 1964, na jipya la kamba nyeupe, la mwaka 2017, ambalo ndilo basi hulivuka. Katika mwezi wa Desemba abiria huyavuka maji haya gizani, kwa kuwa jua huzama kabla ya saa kumi ya jioni. Katika mwezi wa Juni hufika Edinburgh saa mbili usiku, wakamwachia dereva sarafu mlangoni, wakashuka katika mwanga mweupe wa mchana, kwa kuwa jua halitazama mpaka saa nne.